Mlango Haufunguliwi Wakati wa Maombi

Odessa Threadgill alikuwa anapiga pasi glavu zake nyeupe siku binti yake aliporudi nyumbani bila taarifa. Alisikia viatu vikipanda ngazi, akasimama. Mlio wa viatu vya mtoto wako unaujua hata viwe vipya. Akaisimamisha pasi pembeni, akafungua mlango kabla haujabishwa.

"Mama."

"Corliss." Akamtazama juu hadi chini, kama anavyotazama watu wanaoingia kanisani. Koti la kumetameta, jepesi kama kanga, na huu ni mwezi wa Oktoba, upepo wa ziwani umeshaanza kutafuna watu masikio. Sanduku moja mkononi. "Ndiyo nguo za Filadelfia hizo? Ingia, unanipozea nyumba."

"Hata salamu, Mama?"

"Salamu iko jikoni, nimeifunika na mfuniko."

Corliss akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio kabla hajavua koti. Odessa alimpakulia sukuma wiki iliyochemshwa na nyama ya shingo, akamkatia mkate wa mahindi, akakaa mkabala naye. Mwenye njaa ya chakula hula mbiombio. Mwenye njaa nyingine hula huku anaiangalia sahani. Corliss aliiangalia sahani.

Mtoto huyu alizaliwa na sauti kama wengine wanavyozaliwa na vidole sita. Haikutafutwa. Baba yake, Shemasi Wendell, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo za kale pale Hebroni Jipya, kanisa lao la Mtaa wa Arobaini na Tatu. Hakuwa na haja ya kinanda wala kitabu. Alisimama mbele, akatoa mstari mmoja, watu wakauvuta pamoja naye, polepole, kama watu wanaovuta kamba nzito kutoka kisimani. Na maneno yalipomwishia alinguruma tu. Ngurumo ya kifuani, isiyo na neno, ambayo bibi yake aliitoa kwenye mashamba ya pamba huko Misisipi. Corliss alikuwa akikaa benchi la kwanza, anautazama mdomo wa baba yake, na wake unacheza. Wendell alipofariki watu walisema ile ngurumo imezikwa naye. Jumapili iliyofuata msichana akasimama kwenye kwaya akainguruma, na wazee wakalia kama wamefiwa upya.

Kisha wakaja watu wa studio, wakamchukua kwenda Filadelfia.

Miaka ile disko ilikuwa kila mahali. Ilitoka kwenye magari, kwenye duka la samaki wa kukaanga, kwenye madirisha ya juu ambako watu hawakujuana hata majina. Mabinti waliokuwa wanafunga mikanda ya viatu virefu saa za jioni walikuwa ni wale wale waliokuja kwa Odessa mlangoni pa kanisa Jumapili na macho mekundu, wakitafuta kiti cha nyuma. Na katika nyimbo zile kulikuwa na mmoja ambao katikati yake vyombo vyote vinanyamaza. Inabaki ngoma moja tu, dum, dum, dum, dum, sawasawa, kama moyo wa mtu aliyetoka mbio. Na juu ya ngoma ile mwanamke ananguruma.

Odessa aliusikia mara ya kwanza akiwa saluni kwa Vernell Oglesby, mwenzake wa mlangoni kanisani, kichwa kimejaa dawa. Palikuwa na televisheni ndogo juu ya kabati. Mwanamke mwembamba, mweupe wa meno, alikuwa anachezesha midomo.

"Mtazame huyo," Vernell alisema, akielekeza kwa kitana cha moto. "Kiuno cha nyigu, mapafu ya kuku. Sauti ile kaitoa wapi?"

"Kaazimwa," alisema Odessa.

"Kaazimwa na nani?"

"Nitengeneze nywele, Vernell, usinichome sikio."

Vernell akamtazama kwenye kioo. Hakuuliza tena, lakini alielewa, maana na yeye alimjua Wendell. Ilikuwa ni ngurumo ya Wendell. Watu wa studio walikuwa wamemwona Corliss mnene sana, wakatafuta mwingine wa kusimama mbele. Juu ya jalada la santuri kulikuwa na yule mwembamba. Jina la Corliss halikuwepo hata kwa herufi za kutafuta kwa miwani.

Odessa hakuwahi kuinunua santuri ile. Moyo wake ulikuwa umegawanyika kama embe lililoanguka. Upande mmoja uliona uchungu kwamba kilio cha mumewe, alichokuwa akimlilia Mungu, sasa kinachezewa na watu waliolewa. Upande wa pili, kila wimbo ule ulipopita dirishani, aliacha alichokuwa anafanya, akasimama mpaka ukaisha.

Halafu mambo yakageuka, na yaligeuka upesi. Kiangazi kile, kwenye uwanja wa besiboli ambao kutoka kwake ni mwendo wa basi moja tu, watu waliochukia disko walirundika santuri zake katikati ya nyasi wakazilipua. Vijana wa kizungu maelfu wakamiminika uwanjani wanazirusha kama visahani, wanaimba matusi. Wengine walisema hata santuri zisizo za disko zilitupwa humo, ilimradi juu yake pana uso mweusi. Odessa aliona moshi kwenye televisheni akazima. Baada ya hapo vituo vya redio vikaacha, kimoja baada ya kingine, kama majirani wanaozima taa. Kumbi zikafungwa. Na simu ya Corliss, huko Filadelfia, ikaacha kulia.

"Kwa hiyo wamekufukuza," Odessa alisema, alipoona sahani imebaki nusu.

"Hawakunifukuza. Huwezi kumfukuza mtu ambaye hukusema yupo."

"Utafanya nini?"

Corliss akafuta mdomo. "Nataka kuimba Hebroni, Mama. Mara moja tu. Mbele ya watu wanaojua kuwa ni mimi. Nimeimbia dunia nzima, na hakuna mtu hata mmoja duniani aliyegeuka akasema, ni yule pale. Nikisikiwa mara moja na watu wangu, basi, nitafanya kazi yoyote. Nitaosha vyoo."

"Unajua utaratibu."

"Naujua."

Utaratibu wa Hebroni Jipya ulikuwa huu. Mtu aliyeacha kwaya akaenda kuimbia dunia hapandi tena jukwaani hivi hivi. Lazima aje mbele siku ya Jumapili, baada ya maombi, mchungaji anapowaita wanaorudi. Anaulizwa mbele ya watu, na mtu mzima wa kanisa anasimama naye bega kwa bega. Akishapewa mkono wa kupokewa, anavikwa joho la kwaya.

"Nitaomba radhi kwa kutokuja," Corliss alisema. "Miaka yote ile, hata Pasaka. Hilo ni kosa na ninalikiri. Lakini wasinitake niseme kuimba kwangu kulikuwa dhambi. Nilichoimba ni alichonipa Baba. Siwezi kukitemea mate, Mama. Hata kwa joho."

Odessa akaisogeza sahani pembeni. Kisha akasema, "Nitasimama na wewe," na Corliss akaushika mkono wa mama yake juu ya meza, akaubana kama alivyokuwa akiubana alipokuwa anavuka barabara kwenda shule.

Siku ya maombi ya katikati ya juma Odessa alikwenda ofisini kwa Mchungaji Crutcher. Akamkuta na Shemasi Lucius Bramlett, mkuu wa mashemasi, aliyeshika nafasi ya Wendell. Bramlett alikuwa mtu wa kunyooka, suti nyeusi, viatu vinang'aa, na alipenda maombi marefu kama wengine wanavyopenda chakula. Odessa akaeleza shida yake.

"Dada Odessa," alisema Bramlett, "ngoma ikilia sana hupasuka. Hiyo yao imepasuka. Sasa wanatuletea vipande."

"Shemasi," mchungaji akamjibu, "kanisa ni la nani kama si la vipande?"

"Kipande kikate watu miguu?"

"Huyu ni mtoto wa Wendell," alisema Odessa.

Mchungaji akavua miwani, akaifuta na tai. "Nitamuuliza neno moja tu: unarudi? Akisema narudi, inatosha. Aimbe wimbo mmoja wa baba yake. Jumapili hii." Akamgeukia Bramlett. "Umenisikia, Shemasi? Neno moja."

"Nimesikia," alisema Bramlett. "Wewe ndiye mchungaji."

Odessa alirudi nyumbani anatembea upesi kama msichana. Wiki ile nyumba ilijaa sauti. Corliss aliimba akiosha vyombo, akaimba bafuni, akakohoa na kuanza tena. Jirani wa chini aligonga dari na ufagio, kisha akapanda mwenyewe kuuliza ni nani, akabaki ameegemea mlango hadi chungu chake kikaungua.

Ijumaa Corliss alisema, "Dorsey yuko mjini."

Odessa akaacha kumenya viazi vitamu. Dorsey Bramlett alikuwa mtoto wa shemasi, wa pekee. Alikua pamoja na Corliss kwenye kwaya ya watoto, kisha akawa dijei, mchezesha santuri kwenye ukumbi mmoja wa upande wa magharibi ambako wanaume walicheza na wanaume. Baba yake alipojua alimtolea nguo zake nje kwenye mfuko wa takataka, na kuanzia siku hiyo jina lake halikutajwa Hebroni.

"Ukumbi wao umefungwa," Corliss alisema. "Analala kwa shangazi yake. Nataka aje Jumapili."

"Mwanangu. Baba yake atakuwa pale mbele."

"Ni kanisa lake pia. Kabatizwa maji yale yale niliyobatizwa mimi." Akachukua kisu, akaendelea kumenya pale mama yake alipoachia. "Unajua alikuwa anafanya nini? Kila alipoupiga wimbo wangu alishika maikrofoni akawaambia, anayeimba ni Corliss Threadgill wa Mtaa wa Arobaini na Tatu, msidanganywe na picha. Kila mara. Ni yeye peke yake aliyenitaja jina. Sitaimba yeye hayupo."

"Basi mje mapema," alisema Odessa. "Mkae kabla watu hawajajaa."

"Nitamfuata asubuhi. Asipofuatwa hatakuja."

Jumapili Odessa alivaa gauni jeupe, soksi nyeupe, viatu vyeupe, akabandika beji ya mkuu wa wahudumu wa mlango. Alikuwa ameushika mlango ule tangu Wendell akiwa hai. Wahudumu wa Hebroni hawasemi wakiwa kazini. Mkono wa kushoto uko mgongoni, wa kulia ndio unaosema: kidole hiki maana yake viti viwili, kiganja hiki maana yake leta pepeo, huyu mama anaanguka kwa Roho. Na sheria iliyo juu ya zote ni kwamba wakati wa maombi mlango haufunguliwi. Odessa alishawahi kumsimamisha nje diwani aliyekuja kuomba kura, na mke wa mchungaji mwenyewe akiwa na keki mkononi. Watu walimtania. "Petro akichoka," Vernell alikuwa akisema, "watamwita Odessa."

Benchi la tatu lilibaki na nafasi mbili alizoziwekea vitabu vya nyimbo. Kwaya iliingia. Matangazo yakasomwa. Vitabu vilikaa peke yao. Mabasi ya kutoka magharibi siku za Jumapili ni ya kuhesabika, Odessa alijua, na alijua pia Dorsey huenda alifika kwenye kona ya kituo akarudi, akabembelezwa, akarudi tena. Alisimama, uso umetulia.

Shemasi Bramlett akaenda mbele kuongoza maombi. Watu wakainamisha vichwa. Odessa na Vernell wakafunga ile milango ya kusukuma, kila mmoja upande wake. Ilikuwa na vioo vya duara usawa wa uso.

Mara Corliss akatokea nyuma ya kioo.

Alikuwa anahema. Amevaa gauni la bluu la mama yake lililopunguzwa mikono, nywele zimechanwa nyuma, amefanana na baba yake kabisa. Nyuma yake alisimama Dorsey, kofia mkononi, amekonda, tai imefungwa vizuri. Corliss akatabasamu. Odessa akainua mkono wa kulia, kiganja wazi kwenye kioo: ngoja. Corliss akatikisa kichwa kukubali. Alijua. Alifundishwa alama ile kabla ya kusoma.

Sasa, kanisani wote husali macho yamefumbwa isipokuwa wahudumu wa mlango. Wao huomba wakitazama. Kwa hiyo Odessa peke yake, na Vernell, ndio waliomwona Shemasi Bramlett akifumbua macho. Anayeongoza maombi anatazamana na mlango. Aliona vioo. Akaona uso wa Corliss, na juu ya bega la Corliss akauona uso wa mwanawe.

Alikuwa amefika mwisho. Alikuwa ameshasema "na tunaomba haya," na midomo ya watu ilikuwa tayari kwa amina. Akameza mate, akaanza upya.

"Na tena, Bwana, tunawaombea wanaouza kwa shetani ulichowapa bure."

"Ndiyo, Bwana," watu wakaitikia, kwa mazoea.

"Waliochukua kilio cha baba zao waliokufa, Bwana, wakakipeleka kwa walevi wakakikatie viuno!"

"Ndiyo…"

"Ngoma yao imekufa, umeiua Wewe kwa moto, na sasa wanatafuta pa kujificha. Wanaume waliosahau kuwa ni wanaume, Bwana! Wanarudi wananuka moshi, wanataka kukaa meza moja na watoto wetu!"

Itikio likapungua. Mzee mmoja alisema "Bwana utuhurumie," na haikujulikana anamwombea nani. Lakini hakuna aliyefumbua macho, maana ni maombi. Mlango ule ni wa mbao nyembamba. Odessa alijua kila neno linapita.

Dorsey akavaa kofia yake. Corliss alimshika mkono bila kugeuka. Hakumtazama shemasi. Alikuwa anamtazama mama yake.

Kiganja cha Odessa kilikuwa bado kwenye kioo. Ule ni mlango wa kusukuma, hauna kitasa wala komeo, ungefunguka kwa uzito wa mkono tu. Aliwaza, atasema amina sasa. Akapumua. Sasa. Jasho likamtoka ndani ya glavu. Alisikia Vernell akinong'ona, kitu ambacho hakijawahi kutokea mlangoni pale.

"Fungua, Odessa."

"Ni maombi."

"Hayo si maombi, mwanamke! Fungua!"

Mkono haukwenda. Ulikuwa umefundishwa vizuri mno. Corliss alimngoja bado, macho kwenye macho, kwa muda ambao mtu angeweza kusoma zaburi fupi. Kisha akashusha macho kwenye kiganja kile cheupe, akakiangalia kama kitu asichokijua. Akageuka.

"Amina," alisema Shemasi Bramlett.

"Amina," watu wakasema, na Odessa akasukuma mlango. Ukumbi wa kuingilia ulikuwa mtupu. Ndani, Mchungaji Crutcher alikuwa anasema kwa sauti yake ya upole, "Kuna anayerudi leo? Kuna anayerudi?"

Odessa aliacha zamu yake. Alitoka hadi ngazini katika gauni lake jeupe, upepo unampiga. Yule bwana wa Kiislamu mwenye tai ya kipepeo, auzaye pai za maharagwe pale pembeni kila Jumapili, alimwinulia kichwa.

"Wamepanda basi, Mama," alisema. "Ndilo lile."

Alipofika nyumbani alimkuta Dorsey amesimama nje kwenye ngazi, karibu na sanduku.

"Mama Threadgill," alisema, akavua kofia.

"Mbona uko nje na baridi hii?"

"Hapa panatosha, Mama. Nimezoea."

Odessa akampita, akaingia. Ndani Corliss alikuwa amekaa kitandani anafunga viatu. Gauni la bluu lilikuwa limekunjwa juu ya mto.

"Nilikuwa nafungua," alisema Odessa. "Alikuwa anamaliza, nilikuwa nafungua, mwanangu."

"Hapana, Mama."

"Sheria ya mlango—"

"Naijua. Ulinifundisha wewe." Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Odessa. "Sikutaka uvunje sheria kwa ajili ya wimbo. Wimbo ungengoja. Lakini uliyasikia yale. Uliyasikia, na mimi nikaona unayasikia, na mkono ukabaki pale pale. Filadelfia waliniambia nikae nyuma ya pazia, nikasema sawa, hawa hawanijui." Akasimama. "Wewe unanijua."

"Turudi jioni. Mchungaji atakupokea, nitamwambia. Nitasimama na wewe, Corliss, nitasimama hata peke yangu."

"Nimejaribu nikiwa njiani," Corliss alisema. "Kwenye basi. Nilijaribu kuianza ile ya Baba, polepole tu, Dorsey asikie. Nimefungua mdomo." Akagusa koo. "Hapana kitu, Mama."

Odessa aliwafungia keki na kuku kwenye karatasi, akamwekea Dorsey mkononi kwa nguvu alipodai ameshiba. Dirishani aliwaona wakishuka kuelekea kituoni, Dorsey amebeba sanduku, Corliss amevaa lile koti jepesi. Koti zito la Wendell lilikuwa kabatini. Alikumbuka wakati wameshapinda kona.

Wiki iliyofuata Bramlett alimkuta akipanga vikombe jikoni mwa kanisa.

"Dada Odessa, nasikia unanilaumu. Mimi nilikuwa naomba tu."

"Ulikuwa macho wazi, Shemasi."

Bramlett akashtuka. "Umejuaje?"

"Na mimi yalikuwa wazi."

Wakabaki wanatazamana, vikombe katikati yao. Yule mzee alifungua kinywa kama anayetaka kuuliza jambo, labda mwanawe alikuwa amevaa nini, labda amekonda kiasi gani. Hakuuliza, akatoka. Odessa akakaa kwenye kiti cha jikoni, vikombe bado havijapangwa. Mwezi ule alirudisha beji. Alisema ni miguu. Miguu ilikuwa mizima.

Corliss alikwenda Oklandi, mbali kwenye pwani ya magharibi, ambako Dorsey ana binamu, akapata kazi jikoni mwa hospitali. Alipiga simu Jumapili moja moja, wakazungumza mvua, bei ya nyama, afya ya Vernell. Odessa alipomuuliza kama anaimba, alisema koo ni kavu, hewa ya huko si nzuri. Odessa akaacha kuuliza. Aliomba tu, asubuhi na jioni, akiwa amepiga magoti, na hakuona aibu kumwambia Mungu kwamba sasa anaogopa kuinua mkono.

Mwaka wa pili, siku ya vijana, kwaya mpya ilipanda jukwaani na kijana wa kupiga ngoma waliyemtoa kanisa jingine. Odessa alikuwa amekaa benchi la katikati kama mgeni. Kijana akaanza. Dum, dum, dum, dum, sawasawa, bila kupumzika. Watoto wakainuka. Wamama wakainuka. Kofia zikaanza kuyumba, mtu akapiga kelele ya furaha, na ile sakafu ya zamani ikatetemeka. Hakuna aliyeulizwa ngoma hiyo imetoka wapi, wala kama imetubu.

Jioni ile alipiga simu mwenyewe, kule kule jikoni mwa hospitali.

"Mama? Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Leo wamepiga ngoma yenu kanisani."

Alisikika akiweka kitu mezani. Kisha, "Ngoma gani?"

"Unaijua. Ile ya moyo."

"Hebroni?"

"Hebroni. Na watu wameinuka wote."

"Na Shemasi Bramlett?"

"Mguu wake umeinuka. Mwenyewe kabaki kitini, anautazama kama wa jirani."

Corliss akacheka. Odessa akacheka naye, wakacheka wote wawili kwa muda, mpaka ikawa ni Odessa peke yake anayecheka.

"Nani kaimba?" Corliss aliuliza.

"Mjukuu wa Vernell. Anajitahidi. Hana sauti yako."

"Mwacheni aimbe tu."

"Corliss. Njoo nyumbani. Njoo Jumapili yoyote, nitakuwa nje kwenye ngazi, nitaingia na wewe. Mlango mtu mwingine anaushika siku hizi."

Alisikia sahani zikigongana huko mbali, na mtu akimwita binti yake kwa jina lisilo lake, na binti yake akiitikia.

"Jumapili nipo kazini, Mama," Corliss alisema. "Zote."